"Watazoea tu": sato, perege na visima vya chumvi vya Dar

Ukichimba kisima Kigamboni karibu na ufukwe, maji yakianza kutoka fundi huyaonja kwanza. Anachota kwa kiganja, analamba, anatema. "Hii bahari hii, mama," ndivyo alivyomwambia jirani yangu, mwalimu mstaafu. Maji yenyewe hata sabuni haitoi povu. Mwalimu hakutaka hela yake ipotee bure, akajenga tenki la zege nyuma ya nyumba na kuagiza vifaranga 500 wa sato. Walikuja kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wakamiminwa moja kwa moja. Aliyewaleta aliulizwa kuhusu chumvi, akajibu: "Watazoea tu." Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yamefunikwa na matumbo meupe. Baadaye tuliazima kipima chumvi. Gramu 21 kwa lita, na bahari yenyewe ina kama 35.

Tangu siku hiyo neno "kuzoea" limenikaa kichwani. Tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: samaki mmoja kuurekebisha mwili wake ndani ya siku chache, na ukoo mzima wa samaki kubadilika kwa vizazi na vizazi. Ubishi unaoendelea kati ya wafugaji wa Dar, kwamba tufuge sato wa mbegu iliyoboreshwa au ndugu yake perege, wetu wa pwani, mara nyingi ni watu wawili wanaolitumia neno hilo moja kwa maana mbili.

Tuanze na mwili. Ukiwaacha papa na taa, ambao wana utaratibu wao, damu ya samaki wengi ina chumvi ya kama theluthi moja ya ile ya bahari. Kwa hiyo sato aliye ziwani ana chumvi kuliko maji anayoogelea. Maji yanamwingia bila kukaribishwa, naye anashinda akitoa mkojo mwingi mwepesi na kuokoteza chumvi kidogo kidogo kwa matamvua. Changu unayemkuta soko la samaki la Feri ana shida ya kinyume: bahari inamkausha. Inabidi anywe maji ya bahari, abaki na maji, na chumvi aisukume nje kwa seli maalumu zilizomo kwenye matamvua yake. Seli hizo ni pampu. Ukimhamishia sato kwenye chumvi, pampu zinatakiwa kugeuka mwelekeo, na hazigeuki papo hapo. Seli za zamani zinaondoka, mpya zinajengwa, homoni moja inashuka na nyingine zinapanda. Inayoshuka ni prolaktini, ile ile inayomwezesha mama kutoa maziwa. Kwa samaki kazi yake ni kushikilia chumvi mwilini. Yote hayo yanahitaji siku kadhaa. Vifaranga wa Mwalimu walipewa dakika.

Na umri nao una neno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini kwa chumvi mambo yako kinyume: kifaranga wa sato aliyeanguliwa juzi ndiye anayekufa upesi zaidi, na ustahimilivu wake unapanda kadiri anavyokua katika wiki za mwanzo.

Hata hivyo, muuzaji yule hakuwa mwongo mtupu. Sato akiongezewa chumvi taratibu anaweza kuishi kwenye maji yenye gramu 15 na zaidi, ingawa kabla ya kufika huko ukuaji na uzazi wake huanza kulegea. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi ndogo kuliko hiyo, na humo sato hana tatizo. Na anakua haraka. Mbegu ya sato iliyoboreshwa Ufilipino kuanzia mwaka 1988, kwa kukusanya wazazi kutoka Misri, Ghana, Kenya, Senegal na mashamba ya Asia, ilionyesha kwamba ukichagua wazazi kwa makini kila kizazi kinakuzidishia uzito. Hapo ndipo watetezi wa sato wanapouliza: kama uzito unachagulika, chumvi itashindikana vipi?

Swali zuri, na ushahidi wao hauko mbali. Kwenye chemchemi zinazolisha Ziwa Natron wanaishi samaki wadogo wa ukoo wa perege, katika maji ya magadi ambayo ungefikiri hayafugi kitu. Ndugu yao wa Ziwa Magadi, ng'ambo tu ya mpaka, kafika mbali zaidi. Samaki wa kawaida hutoa taka za mwili kama amonia kupitia matamvua. Kwenye maji yenye pH ya 10 hivi, yaani makali ya magadi hasa, njia hiyo inaziba, na amonia ikibaki mwilini inaua. Samaki huyu anaigeuza taka hiyo kuwa urea, kama tufanyavyo sisi, na anastahimili joto la nyuzi 40 na ushee. Yote hayo ndani ya takriban miaka 10,000, tangu ziwa kubwa la zamani lililokuwa hapo lilipoanza kukauka. Ziwa Victoria nalo lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na humo wakachipuka samaki wa jamii ya furu wa aina zipatazo 500.

Ninapoachana na watetezi hawa ni kwenye hesabu ya muda. Samaki wa Magadi hakuzoea. Waliokosa uwezo walikufa, waliokuwa nao kidogo wakazaa, na zoezi likarudiwa maelfu ya mara. Mwalimu anataka kuvua baada ya miezi sita.

Na hapa pwani zoezi hilo limeshafanyika bila kumlipisha mtu. Perege wa Rufiji na ndugu yake wa Wami wamekulia kwenye mito ambayo midomo yake inapokea chumvi kila maji yanapojaa. Ukimwongezea chumvi taratibu, perege huyu anaweza kufikishwa hadi kwenye chumvi ya bahari. Kwa gramu 21 za Mwalimu sioni ubishi. Ila wanaomsifu perege huwa wanaficha kasoro yake: anazaa mapema mno, tenki linajaa vidagaa, na mama lishe anataka samaki wa kufunika sahani. (Mwatiko, samaki wa baharini, pia angeweza maji haya, lakini vifaranga wake mara nyingi wanakusanywa baharini, na si kila mtu ana mikoko jirani.)

Basi kwa nini tusiwachanganye? Wazo si jipya. Kule Malacca, katika Malaysia ya leo, kuelekea mwaka 1960, perege aliyetoka Zanzibar alipandishwa na perege wa Msumbiji na watoto karibu wote wakawa madume, yaani tenki lisilozaliana hovyo. Dume wa perege wetu kwa jike wa sato ni ndoa ya namna hiyo hiyo, na mtoto anarithi sehemu ya uwezo wa chumvi. Tena hata wale furu wa Victoria, chembe za urithi zinaonyesha asili yao ni mchanganyiko wa koo mbili za kale. Mchanganyiko unaweza kuwa mtaji.

Ila Victoria hiyo hiyo ina upande mwingine. Sato tunayemwita "wa Mwanza" ni mgeni huko. Aliingizwa miaka ya 1950. Mwenyeji aliyefanana naye, ngege, leo karibu ametoweka kwenye ziwa kubwa na amebaki kwenye vijiziwa vya pembeni. Sato huyo ameshasambaa katika mito mingi ya Tanzania na amekutwa akizaa na wenyeji. Ndani ya tenki la zege mchanganyiko haunisumbui. Kwenye bwawa la udongo kando ya Ruvu, ambalo mvua za masika zitalifurisha, naupinga kabisa, kwa sababu uwezo wa chumvi tunaouhitaji umo ndani ya perege wa mtoni, na ukishachujuka hakuna duka la kuununua.

Wiki iliyopita tulianza kutafuta vifaranga wa perege. Wauzaji watatu tuliowapigia simu walikuwa na sato peke yake. Wa nne akasema wapo, vijana wake wanawavua mtoni, tulete ndoo. Mwalimu akamuuliza kama ni perege halisi, wasiochanganyika na sato. Upande wa pili pakawa kimya kidogo.

"Mwalimu, mimi naangalia mkia tu. Wenye michirizi nasema sato, wasio nayo nasema perege. Ya ndani siyajui."