Chumvi ya bahari si kinga ya rovu

Kuna mwandishi kadai eti watu wa Lindi na Mtwara hawapati rovu, ule uvimbe wa shingoni, kwa kuwa chumvi yao ni ya bahari. Hapo kateleza. Chembe zinazobaki jaruba la maji ya bahari likikauka karibu hazina madini joto (ayodini). Huongezwa baadaye, kwa kupulizia myeyusho wa iodeti ya potasiamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini hayo kwa siku, mjamzito zaidi. Yakikosekana, tezi ya thairoidi pale shingoni haina cha kutengenezea homoni zake: T4 hubeba atomu nne za madini hayo, T3 tatu. T4 ikipungua kwenye damu, pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, huzidisha TSH, homoni inayoisukuma thairoidi ifanye kazi, na thairoidi, ikisukumwa bila malighafi, hutanuka. Ndiyo rovu hilo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huongeza balaa, maana sumu yake ikivunjwa mwilini huacha thayosayaneti, kemikali inayozuia madini joto kuingia kwenye tezi. Na hata chumvi iliyopuliziwa, ikiachwa wazi kwenye unyevu hupoteza nguvu. Ifunikwe, itiwe chunguni mboga ikikaribia kuiva. Wenye majaruba Kilwa, mnapulizia kwa bomba la mgongoni au mnachanganya kwa koleo?