Koki, Kuku na Saa Sita za Kahe

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, ili ujue kuwa mtu aliyeshindwa mahesabu na mama mfuga kuku alikuwa na cheti.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125. Niliirithi kwa baba mdogo, aliyekuwa bwana shamba kule Kibosho enzi zile bwana shamba akipita watu wanasimama. Modeli hiyo ilitoka 1976. Ndani haina cheni ya taimingi; valvu zinasukumwa na fito, kwa sababu Wajapani waliikusudia nchi ambazo mtu habadilishi oili mpaka injini ilie. Yaani walitukusudia sisi. Toyo nyingi zinazobeba abiria pale Mbuyuni ni wajukuu wa injini hiyo hiyo, ila ukimwambia dereva wa toyo anakucheka, maana bibi yake anatoa moshi.

Agosti, mahindi yameshavunwa, sisi wapenda vyuma chakavu wa Moshi tukaandaa mashindano. Timu saba, watu watatu kila timu, pikipiki moja ya kabla ya mwaka 2000, saa sita mfululizo kuzunguka shamba huko Kahe. Mzunguko mmoja kama kilomita mbili. Wa mizunguko mingi ndiye mshindi. Kanuni niliandika mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu, na nikachomekea mbili za kutambia. Ya kwanza: spea yoyote itoke humo humo shambani, marufuku kukimbilia mjini. Ya pili: tuanze kama wanavyoanza Le Mans, Ufaransa, ambako tangu 1978 pikipiki zinashindana saa 24. Chombo upande huu wa njia, wewe upande ule. Ukipewa ishara unakimbia, unakirukia.

Timu yetu ilikuwa mimi, shemeji yangu anayejiita fundi kwa sababu ana seti ya spana, na jirani yetu Mangi, tuliyempa zamu ya tatu. Mangi alifika amevaa tayari: helmeti, glovu, gambuti. Tuliishusha pikipiki kwenye kirikuu, nikaifuta vumbi, nikapiga nayo picha.

Saa nne kamili, Kibo iko wazi kabisa, filimbi ikalia. Nikakimbia. Nikapiga kiki moja, ikawaka. Moja! Wenzangu bado wanahangaika na kiki zao, mimi huyooo. Kona ya kwanza, wa kwanza. Kona ya pili, wa kwanza. Kabla ya kona ya tatu ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza, na pikipiki sita zikanipita moja moja zikiniachia vumbi mdomoni.

Nikaisukuma mpaka kwa shemeji. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye silinda, nikapiga kiki: cheche ya bluu, safi.

"Basi ni kabureta," akasema, kwa sauti ya daktari bingwa.

Akachomoa mpira wa mafuta. Halikudondoka hata tone, tukamsifu kwa kufanya kazi kwa usafi. Akafungua bakuli la kabureta. Kavu kama mfuko wa mwalimu tarehe ishirini. Mtu mwenye akili angejiuliza petroli imeishia wapi. Sisi tukaambiana, jeti imeziba.

Kama hujawahi kuiona, jeti ni kidude cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko punje ya hindi, kina tundu jembamba katikati la kupitishia petroli. Shemeji akaipuliza, akaiangalia kwenye jua, akaiweka juu ya kiroba. Pembeni kulikuwa na dogo wa miaka kama tisa, anatafuna muwa, kila baada ya dakika anasema, "Shikamoo anko, eti..." Nikamfukuza. "Toka hapa, usije ukatupotezea kitu."

Shamba likishavunwa, kuku huachiwa waokote punje. Akaja mtetea mwekundu, kishingo. Akageuza kichwa, akaitazama ile jeti kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akaidonoa.

Tukatazamana. Shemeji ndiye alianza kumkimbiza.

Kuku wa kienyeji hakamatwi na watu wazima watatu, hasa mmoja akiwa na gambuti. Alikatisha njia ya mashindano mara nne. Refa akapeperusha khanga ya njano, pikipiki zote zikapunguza mwendo, na timu moja ikaweka malalamiko rasmi kwamba kuku wetu amewaharibia nafasi ya kuongoza. Kuku wetu! Mwishowe alikamatwa na mwenyewe, mama mmoja aliyetoka nyumba ya jirani, akaita "kru kru kru" na kumwaga kiganja cha pumba.

"Mama, nakupa elfu ishirini na tano," nikamwambia.

"Mwalimu, huyu anataga," akasema, bila haraka. "Akilalia, anatotoa kumi na wawili. Toa watatu wa mwewe. Toa mmoja wa kicheche. Wanabaki wanane. Desemba watu wa Dar wakipanda kuja Krismasi, kila mmoja elfu thelathini na tano. Hiyo ni laki mbili na themanini, na mama yao sijamtaja."

Nilitafuta kosa sikuliona. Tukavutana karibu saa nzima, tukafika elfu sitini, na kichwa na miguu vibaki kwake. Wiki mbili baadaye, nikiwa darasani, ndipo nilipogundua kwamba kifaranga wa Septemba hawezi kuwa kuku wa Krismasi.

Kabla ya kisu, wapinzani wakakumbusha kanuni: spea itoke shambani. Refa akafikiri sana, akaamua kuwa kuku alikuwa shambani, kwa hiyo ni halali. Mwenzetu Mwislamu wa timu nyingine akamchinja, ili asibaki mtu wa kususa. Shemeji akapasua firigisi: kokoto, mchanga, kipande cha kigae. Jeti hakuna.

"Hapa shingoni, kwenye kifuko," yule mama akasema, akimtazama shemeji kwa huruma. "Kala sasa hivi. Atasagaje?"

Ilikuwepo, katikati ya punje za mahindi, inang'aa kuliko tulivyoipuliza sisi.

Tukaifunga. Nikapiga kiki. Akapiga shemeji. Akapiga Mangi, kwa nguvu zake zote, mpaka gambuti likavuka. Saa tisa ikapita. Tulianza kuzungumzia pistoni. Yule dogo, muwa umeshaisha, akasogea tena.

"Anko."

"Unasemaje?"

"Koki."

Nikainama. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe asubuhi, wakati wa kuipakia kwenye kirikuu, petroli isimwagike njiani. Ile kiki moja ya kishujaa na zile kona mbili za ushindi zilikuwa petroli iliyobaki kwenye bakuli.

"Mbona hukusema?"

"Si mlinifukuza."

Iliwaka kiki ya kwanza. Zilibaki dakika ishirini na tano, nikazunguka mara sita, wa mwisho bila mpinzani. Kwa furaha nikasahau kumpa Mangi zamu. Nilipoteremka alikuwa bado ana helmeti kichwani. Nikajaribu kumtuliza kwa kumweleza kwamba Bol d'Or, mashindano ya Ufaransa yaliyoanza 1922, mwanzoni mtu mmoja aliendesha saa zote 24 peke yake.

"Huyo angalau aliendesha," akasema, akaenda kula mchuzi.

Jioni tukaipakia pikipiki kwenye kirikuu. Nikapeleka mkono chini ya tenki, nikafunga koki. Nilipoinuka, wote wawili walikuwa wamesimama wananitazama.