Oili Moja, Misimu Minne

Juzi nimeingia kwenye gari, nikainua macho, nikakiona kile kibandiko cha sevisi kwenye kona ya kioo. Kimepauka. Jua limelamba wino wote, limebakiza neno "tarehe" na nukta mbili. Tarehe yenyewe imekwenda zake. Sikubabaika. Oili nabadilisha mara moja kwa mwaka, mwaka una miezi 12, na mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kuchagua mwezi mmoja kutanishinda?

Shemeji akasema kabla ya baridi. Jirani akasema baada ya baridi. Mwenzangu wa kazini, ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo, akasema kiangazi, tena kwa ukali, kama vile nimemkopa.

Nikaenda kwa fundi.

Fundi huyu haongei na mtu kabla hajaongea na gari. Alifungua boneti, akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa kichafu kuliko hiyo stiki, akaichomeka, akaichomoa tena. Oili iko katikati ya zile alama mbili. Mimi nikashusha pumzi. Yeye hakushusha. Alichukua tone, akalisugua kwa vidole viwili, akalinusa, akatazama mbinguni.

"Bosi, imekuwa nyeusi hii."

"Si ulisema oili nzuri lazima iwe nyeusi, kwa sababu inabeba masizi isiyaache kwenye injini?"

"Nilisema lini?"

"Mwaka jana. Hapa hapa."

Akanyamaza kidogo, kisha akafungua mfuniko wa kujazia oili. Ndani yake kumeganda ute wa rangi ya maziwa. Akamwita saidia fundi aje aone. Saidia fundi akamwita mwenzake. Wote watatu wameinamia boneti wananong'ona, mimi nimesimama pembeni kama ndugu wa mgonjwa.

"Maji ya rejeta yanapungua?"

"Hayapungui."

"Afadhali, tungesema gasketi imekufa, maji yanaingia kwenye oili. Unatembea umbali gani kwa siku?"

"Kazini na kurudi. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi."

"Umeona! Injini haipati moto wa kutosha. Unyevu haukauki, petroli nayo inashukia kwenye oili. Kilomita chache, lakini oili imezeeka."

Yaani nimeshtakiwa kwa kosa la kutotembea. Miaka yote naambiwa nibane mafuta, nimeyabana, leo kubana kwenyewe ndiyo kesi.

"Sasa fundi, nibadilishe msimu gani?"

"Kabla ya baridi. Oili kuukuu kwenye baridi inakuwa nzito, injini inaamka kwa shida."

"Sawa."

"Ila unyevu mwingi unaingia wakati wa baridi. Ukibadilisha kabla, utakuwa umeichafua oili mpya. Subiri baridi iishe."

"Sawa, nitasubiri."

"Ila ukisubiri, miezi yote hiyo injini inaoga oili yenye asidi."

"Basi kiangazi."

"Joto! Oili inakuwa nyepesi."

"Wakati wa mvua?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Nilale chini ya gari lako na mvua inanyesha?"

Katika majibu yote ya siku ile, hilo peke yake nililiamini.

Nikachukua kopo la oili. Limeandikwa 5W-30. Nikauliza hiyo W ni ya nini, saidia fundi akasema ni ya "wakubwa", gari ndogo hazitumii. Gari langu ni dogo kuliko yote pale gereji! Ikabidi nitoe kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi. W ni winter, majira ya baridi kwa Kiingereza. Namba ya mbele ni tabia ya oili kwenye baridi, ya nyuma ni uzito wake ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Zamani watu walitia oili nyepesi msimu wa baridi na nzito msimu wa joto. Misimu yote miwili sasa imo kwenye kopo moja, na bado shemeji ananipangia! Nilipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kilomita 10,000 au miezi 12, kinachotangulia. Msimu hakuna.

"Fundi, mwaga leo. Injini bado ya moto, itatoka yote."

"Leo filta sina, bosi."

Jana nikarudi. Akamwaga, akaweka filta, akatia oili, akapima. Kazi ya muda mfupi tu, baada ya mjadala wa siku mbili. Akabandika kibandiko kipya, akaninyooshea mkono.

"Kalamu, bosi."

Mimi kalamu? Nanunua kalamu kwa pakiti, lakini nyumbani kwangu ukitaka kuandika namba ya simu unapewa penseli iliyotafunwa. Vifuniko tunavyo, tena vingi, vya rangi zote. Kalamu zenyewe zinahamia wapi? Nilipapasa mifuko yote, nikatoa moja ya buluu. Fundi akaipokea, akaigeuzageuza, akashika kile kipande cha kamba kilichokuwa kinaning'inia nyuma yake.

"Bosi, hii si ile ya kaunta ya benki?"

Nikamwambia aandike tarehe, mimi nachelewa kazini.