Mashujaa weusi wa Mfalme Arthur na mama waliowazaa

Mabaharia walipomwona Morien akiwajia ufukweni, walitimua mbio. Alichotaka kijana yule ni kuvushwa tu. Lakini alikuwa mrefu kupita kiasi, deraya yake nyeusi, na mwenyewe mweusi kichwa, mwili na mikono, cheupe kikiwa meno peke yake. Wakadhani ni shetani katoka jehanamu. Akabaki pale bila wa kumvusha.

Hadithi hiyo si ya juzi. Imeandikwa kwa Kiholanzi cha kale katika karne ya 13, na imetufikia ndani ya mkusanyiko mkubwa wa visa vya Lancelot, shujaa mashuhuri wa Mfalme Arthur, uliohifadhiwa mjini The Hague. Morien ni mtoto wa binti wa kifalme wa Kimori, yaani wa watu weusi wa kusini kama Wazungu wa zama zile walivyowaita, na Aglovale, mmoja wa mashujaa wa Meza ya Duara, baraza la Arthur, mfalme wa hadithi za kale za Uingereza. Baba aliahidi kurudi, hakurudi. Mama akanyang'anywa urithi wake, na kijana akapanda farasi kwenda kumtafuta.

Namtaja Morien kwa sababu kila filamu ya Zama za Kati inapomvika mtu mweusi deraya, mabishano hufumuka upya. Upande mmoja husema huko ni kuichezea historia: Ulaya ile haikuwa na mashujaa weusi. Upande wa pili humtoa Morien kama hati ya kiwanja na kusema: tazameni, ubaguzi wa rangi ulikuwa haujazaliwa.

Wa kwanza wana hoja moja ya kweli. Si kila "shujaa mweusi" wa vitabu vile ni Mwafrika. Katika kisa cha Gareth, shujaa mwingine wa Arthur, alichokiandika Mwingereza Malory karne ya 15, wanapigana mweusi, wa kijani na mwekundu, na rangi hizo ni za silaha na mavazi. Lakini hoja hiyo haimgusi Morien, ambaye mtunzi amehakikisha tunaiona ngozi yake. Haimgusi pia Mtakatifu Mauritius wa kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani: sanamu ya mawe ya miaka ya 1240 hivi, mwanajeshi mwenye sura ya Kiafrika waziwazi, kofia ya minyororo imemzunguka uso.

Wa pili nao wana ushahidi mzito. Mtunzi wa Morien anasimama katikati ya kisa na kuuliza weusi wake ulimpunguzia nini. Anampambanisha na Lancelot mwenyewe, na pambano haliishi mpaka Gawain, shujaa mwenzake Lancelot, aingilie kati. Ukikumbuka kwamba wimbo wa Kifaransa wa Roland, wa mnamo 1100, uliwachora watu wa Ethiopia kama taifa lililolaaniwa, weusi kuliko wino, utaona Mholanzi huyu alikuwa anafanya jambo la makusudi. Kuna pia shairi la Kiingereza la mfalme wa Tars, ambamo sultani mweusi anabatizwa na ngozi yake inageuka nyeupe. Morien hageuki. Yu mweusi mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, soma tena pale Lancelot na Gawain wanapokutana naye mara ya kwanza. Mtunzi anasema wasingalimsikia akilitaja jina la Mungu, hakuna ambaye angethubutu kumkabili, kwa kumdhania ibilisi. Jina la Mungu mdomoni mwake ndilo lililomfanya mtu machoni pao. Wanaosema mpaka wa zama zile ulikuwa dini na si rangi hupenda mstari huu. Mimi nauona unawapinga. Mzungu asiyejulikana hakuhitaji kuomba dua ndipo atambulike kuwa binadamu.

Kipimo kikubwa zaidi kwangu ni Parzival, utenzi wa Kijerumani wa Wolfram von Eschenbach wa mwanzoni mwa karne ya 13. Humo yumo Feirefiz, mtoto wa Gahmuret, shujaa mweupe wa Ulaya, na Belacane, malkia mweusi wa Zazamanc. Ngozi yake ina mabaka meusi na meupe kama ngozi ya kuandikia iliyojaa wino. Anakutana na Parzival mwenyewe, shujaa wa utenzi na nduguye wa baba mmoja, bila kujuana. Upanga wa Parzival unavunjika, na Feirefiz anautupa wake kwa kuona haya kumpiga asiye na silaha. Katika kitabu kizima sijui tendo la kiungwana kulipita hilo, na limefanywa na asiyebatizwa. Baadaye anabatizwa ili amwoe mwanamke mbebaji wa Grali, kile kitu kitakatifu ambacho kabla ya ubatizo hakuweza hata kukiona. Mabaka yake hayamtoki. Mtoto wake ndiye Prester John, yule mfalme Mkristo wa kubuniwa ambaye Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498 walikuwa bado wanamuulizia.

Basi watoto wamepokewa. Lakini wote wawili wameingia kwa jina la baba mweupe, na hapo ndipo mabishano yetu yanaponichosha: tunahesabu wana, tunawasahau mama. Mama yake Morien angalau anaolewa mwishoni na kurudishiwa nchi yake. Belacane hakupata hata hilo. Wolfram anamsifu kwamba usafi wa moyo wake ulikuwa ubatizo tosha, kisha anamwacha Gahmuret atoroke usiku, mkewe mjamzito, na barua nyuma yake inayosema angebatizwa wangeweza kuwa pamoja. Belacane akaisoma, akasema angekubali kwa furaha. Gahmuret alikwishaondoka. Baadaye anajitetea kwamba wajinga hudhani alikimbia weusi wa Belacane, ilhali kwake alikuwa kama jua. Ukimwamini, ilikuwa dini. Lakini Belacane alikwisha kuwa tayari kuikubali dini hiyo, wala Gahmuret hakurudi.

Feirefiz alipozaliwa, asema Wolfram, malkia alimbusu tena na tena kwenye yale mabaka meupe. Wengine husoma hapo mwanamke anayeipenda rangi isiyo yake. Mimi nasoma mke anayemtafuta mumewe katika mwili wa mtoto. Alikufa kwa kumlilia Gahmuret.