Kabla ya kongamano jingine la kung'oa ukoloni, tazameni namba mgongoni mwa kitabu

Huku Vancouver, Kanada, kikao cha chuo hata kiwe cha kupanga maegesho ya baiskeli hufunguliwa kwa tamko kwamba ardhi tuliyokalia ni ya wenyeji wake, Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh, na kwamba hawakuwahi kuisalimisha kwa mkataba. Msemaji akimaliza hukunja karatasi yake, ajenda ya kwanza ikaanza, na ardhi ikabaki mikononi mwa yule yule aliyekuwa nayo jana. Mgeni aliyeshuka juzi kutoka Mombasa au Dar hupiga picha akatuma kwenye kundi la familia: wenzetu wameendelea. Na nyumbani nako mtindo umeshaingia. Kongamano la kung'oa ukoloni wa fikra linafanyika hotelini, kwa Kiingereza, mada kuu inatolewa na profesa aliyeletwa kwa ndege, mzee wa kijiji ameitwa kupiga ngoma wakati wa chai.

Kama kuna cha kuiga huku, si tamko. Ni kazi ya wakutubi, wahariri na wanasheria, kazi kavu isiyopigiwa makofi. Hiyo ndiyo iliyosogeza mambo kidogo, na hiyo ndiyo sisi hatuitaki.

Chuo Kikuu cha British Columbia kina maktaba iitwayo Xwi7xwa, iliyofunguliwa 1993. Ile saba katikati ya jina si kosa la chapa. Ni alama ya sauti inayokatwa kooni katika lugha ya Wasquamish, na jina lenyewe maana yake ni mwangwi. Jengo limechimbiwa nusu ardhini kwa mfano wa nyumba za shimo za wenyeji wa bara, mbali na pwani. Lakini utamu wake uko kwenye rafu. Mpangilio wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Washington, unaotumika vyuo vingi, huyaweka mataifa ya wenyeji chini ya E99, ndani ya historia ya Amerika, halafu huyapanga kwa abjadi ya majina ambayo mengi wamepewa na wageni. Wahaida wa visiwani wanaangukia H, Watsimshian walio ng'ambo yao pwani wanaangukia T, na katikati wamesimama Wahopi na Wanavajo wa jangwani, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Ni sawa na kumweka Mdigo rafu ya juu, Mgiriama ya pili, Mrabai ya chini kabisa, na katikati yao ukajaza Wahausa na Wakongo kwa sababu tu H na K hutangulia R.

Brian Deer, mkutubi Mmohawk wa Kahnawake, aliona huo ni upuuzi. Kati ya 1974 na 1976 alitunga mpangilio mwingine kwa ajili ya jumuiya ya kitaifa ya wenyeji, na Xwi7xwa inautumia ukiwa umerekebishwa. Majirani hukaa pamoja, kuanzia walio karibu na maktaba kwenda nje, na majina ni yale wanayojiita wenyewe. Una kasoro zake: kila maktaba huubadilisha kivyake, kwa hiyo rekodi haziingiliani, na kitabu kipya hakiji na namba tayari, lazima mtu akae akisome ndipo akipange. Kazi hiyo inagharimu mshahara. Wameukubali mshahara huo.

Sasa tazama rafu zetu. Maktaba nyingi nyumbani zinatumia Dewey, mpangilio wa namba uliotoka Marekani. Ndani ya Dewey, 220 hadi 280 zote ni Ukristo, Uislamu una 297, na dini zote za asili za Afrika zimebanwa 299.6. Ngano za bibi ziko 398.2 pamoja na hadithi za majoka ya Ulaya. Tiba za jadi ni 615.88, pembeni ya tiba "halisi". Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, kwa hiyo diwani ya mashairi inapata 896.3921 na riwaya 896.3923. Tarakimu saba kwa fasihi ya nchi yenyewe, wakati mshairi wa Kiingereza kule rafu ya mbele anatosheka na 821.

Na hapa ndipo penye uchungu: Dewey yenyewe inaruhusu hili lirekebishwe. Kuna chaguo rasmi ndani ya majedwali yake linalosema maktaba ikitaka kuipa fasihi fulani umbele, iiweke 810, na fasihi ya Kimarekani ihamie 820 pamoja na ya Uingereza. Diwani ikawa 811, tamthilia 812, riwaya 813. Chaguo la pili ni kutumia herufi badala ya tarakimu ya kati, mathalani 8K1 kwa ushairi wa Kiswahili, kitabu kikakaa mbele ya 810 bila kumhamisha mtu. Hakuna haja ya ruhusa ya mtu yeyote ughaibuni. Kinachozuia ni kwamba rekodi zinanakiliwa kutoka katalogi za nje, zinakuja na namba zimeshabandikwa, na mkutubi aliye peke yake na maboksi kumi hana muda wa kubishana na Washington. Ninamwelewa. Simwelewi anayeandika tasnifu ya kurasa mia tatu juu ya ukoloni wa maarifa ndani ya maktaba hiyo hiyo bila kuuliza namba ile imetoka wapi.

Jambo la pili ni majina ya wazee. Katika APA, mtindo wa kuandika marejeo unaotumika vyuoni, mazungumzo ya ana kwa ana huitwa mawasiliano binafsi, nayo hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Kitabu cha mmishonari kinaingia. Mzee aliyemfundisha huyo mmishonari haingii. Mkutubi Lorisia MacLeod, Mcree, alitengeneza kiolezo mwaka 2021 kinachomweka mzee kwenye orodha: jina, taifa au jamii yake, eneo la mkataba kama lipo, anapoishi, mada aliyoizungumzia, tarehe. Vyuo vingi vya Kanada vimekichukua. Gregory Younging, mhariri Mcree wa shirika la uchapishaji la wenyeji Theytus, alikwisha kuandika mwaka 2018 mwongozo wenye kanuni 22 za uhariri, mojawapo ikikataza kuwaandika watu walio hai kwa wakati uliopita. Fungua kitabu chochote cha maarifa ya jamii cha kwetu uhesabu mara ngapi kabila ambalo watu wake wako nje ya dirisha wanauza nyanya limeandikwa "walikuwa wakiamini".

Kwetu mzee huandikwa "mzee mmoja wa Kilwa". Kuna anayedai ni heshima, kulinda faragha. Mara nyingi ni uvivu tu. Mzee hakuulizwa kama anataka jina lake litoke. Ukimwuliza, wengi watakupa la kwao, la baba, la ukoo na la mtaa, na watataka uliandike sawasawa. Kiolezo chetu kinaweza kuwa hivi: jina analolitaka yeye, ukoo, mtaa na mji, aliyemfundisha, mada, mahali mlipokaa, tarehe. Aliyemfundisha ni muhimu kuliko wanavyodhani watunga violezo vya huku. Madrasa zetu zimekuwa zikitunza silsila za walimu kwa karne nyingi, nasi tunapofika chuoni tunajifanya hatujui ni kitu gani.

Kuna neno linaloniudhi: "wimbo wa asili". Kwenye kanda za redio na vitabu vya shule lina maana ya kitu kisicho na mwenyewe. Kwa Wagitxsan wa kaskazini mwa British Columbia, wimbo na masimulizi yake, adaawk, ni mali ya nyumba maalumu yenye jina, na asiyeruhusiwa haimbi. Serikali ya Kanada ilipiga marufuku sherehe za potlatch, ambamo haki hizo huthibitishwa mbele ya mashahidi, kuanzia 1885 hadi 1951. Wagitxsan na Wawet'suwet'en walipokwenda mahakamani kudai ardhi, bibi mmoja alitaka kuimba kama ushahidi, jaji akanung'unika kwamba sikio lake halifai kwa nyimbo, na hukumu ya 1991 ikayaweka masimulizi kando. Mahakama ya Juu ya Kanada ikaitengua tarehe 11 Desemba 1997, katika kesi ya Delgamuukw, ikisema masimulizi ya mdomo yapewe uzito wake pamoja na hati. Hilo limetikisa zaidi ya matamko yote ya kufungulia vikao.

Na sisi tuna ushahidi ule ule, tena umeandikwa. Watunzi wa tenzi walikuwa wakitia saini. Beti za mwisho humtaja mtunzi, mara nyingi na idadi ya beti, ili mnakili asipunguze wala kuongeza, na mwaka wa Hijra. Utendi wa Mwana Kupona una tarehe yake, 1275, yaani 1858. Anayesema jadi ya pwani haina mwandishi hajafika ubeti wa mwisho.

Sheria nazo tunazo. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii iridhie kabla, kwa kujua, na kaunti zitunze rejista. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inagusa sanaa za jadi. Tatizo liko uwanjani. Fomu ya ridhaa inakuja kwa Kiingereza, inasainiwa na mtu mmoja kwa jambo la ukoo mzima, nakala yake haiachwi. Ya unyago yanachanganywa na hadithi za jioni kwenye faili moja, halafu yanapandishwa mtandaoni yote. Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa Kanada, yalijibu hili mwaka 1998 kwa masharti manne: data ni yao, wao ndio wenye usemi juu yake, wao huamua nani aione, na yenyewe ikae mikononi mwao. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Haki bila kanda mkononi ni hewa.

Basi ukirekodi, rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya chaneli moja haifiki megabaiti 520, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa hamsini na zaidi. Kadi moja inabaki kwa familia, ya pili maktaba ya mji, ya tatu kwako. Usitume kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukadhani umehifadhi: sauti inabanwa. Kimvita na Kiamu hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi inayotoka baada ya p, na tahajia sanifu tuliyorithi kutoka kwa kamati ya lugha ya 1930 haina alama ya pumzi hiyo. Ikipotea kwenye sauti, haimo tena popote. Kabla ya kufunga, soma uliyoyaandika kwa sauti mbele ya msimulizi. Hapo ndipo majina ya watu na visima hurekebishwa, na hapo ndipo huambiwa: hili liondoe.

Sitaki mtu asome haya akadhani huku ni peponi. Fasihi ya wenyeji inayoshinda tuzo Kanada karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu watoto kama 150,000 walipitishwa kwenye shule za bweni ambako lugha zao zilikuwa kosa la kuchapwa viboko. Lugha kama 70 zimebaki, nyingi zikiwa na wazee wachache. Tume ya ukweli juu ya shule hizo ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, sheria ya lugha ikaja 2019, baada ya nyumba kuungua. Sisi tuna tasnifu zinazoandikwa na kutetewa kwa Kiswahili pale Dar es Salaam, tuna magazeti, tuna wasomaji. Kwa mwenyeji wa huku hiyo ni ndoto. Ila tusijisahau: Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na Kiswahili kwao ndicho mkubwa wa darasani. Mzee Mgogo anayeambiwa "sema Kiswahili, nirekodi" anajua vizuri tunalofanya.

Kwa kuanzia, kuna kitabu kimoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, mhamiaji mwenzetu. Maandishi yake na ya wenzake juu ya desturi za Waswahili yalitoka Göttingen 1903, jaladani limekaa jina la mhariri, Carl Velten. Mwaka 1905 alijaribu kurudi na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni wakawazuia kushuka. Akafia Berlin 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya 1981 ilimrudishia jina kwenye kichwa cha kitabu, ilhali ukitafuta toleo la 1903 katika katalogi nyingi mwandishi bado ni Velten. Kwenye Koha, programu wanayoitumia wakutubi wengi wa nyumbani, rekebisho ni la dakika tano: uga wa 100, mwandishi mkuu, futa Velten, andika Mtoro bin Mwinyi Bakari, uga wa 700, mchango wa pili, weka Velten, mhariri, uga wa 500, eleza kwamba wamo na waandishi wengine Waswahili, hifadhi.