Tiara nayo imekuwa kosa?

Jumapili nimempeleka mwanangu ufukweni, Mbezi Beach. Kusi linavuma vizuri, tiara tumeitengeneza wenyewe usiku: vijiti vya chelewa, gazeti, mkia wa kipande cha kanga ya mama yake. Getini nikalipa kiingilio, tukapita. Hata uzi hatujafungua, mlinzi huyo: "Kaka, tiara hairuhusiwi hapa."

Tangu lini? Hakuna kibao, hakuna tangazo, na aliyepokea hela yangu tiara aliiona mkononi mwa mtoto. Wiki mbili nyuma mlinzi mwingine alituacha tukarusha mpaka jua likazama. Kama wanaogopa uzi utakata watu, sawa kabisa, naelewa, lakini iandikwe getini kabla sijalipa.

Tukasogea hadi kwenye mchanga mbichi, maji yanapofika. Akatufuata mpaka huko! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda mita 60 kutoka ufukweni, halafu mtoto anafukuzwa humo kwa sababu ya gazeti na uzi.

Kwenye daladala alikaa kimya, kaikumbatia tiara yake, mkia kaukunja kiganjani. Kiingilio changu wanirudishie.