Usizime, Usiguse

Ukiingia kwenye kiwanda kikubwa, tafuta kompyuta iliyobandikwa karatasi. Pembe zimeshajikunja, utepe umekuwa wa manjano, na maneno yameandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. USIGUSE. Hiyo ndiyo inayoendesha tanuri au mashine ya kukata. Bado iko kwenye Windows 7, pengine XP, na tangu ifungwe hapo kiwandani haijapata sasisho hata moja. Fundi wa TEHAMA anajua, na msimamizi wa zamu anajua. Wadukuzi nao wanajua, ingawa hawajawahi kukanyaga hapo.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye SMB, njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili na printa. Tarehe 12 Mei, WannaCry ikapita kwenye tundu lilelile. Kirusi hicho hakikumsubiri mtu abofye kitu. Kikishaingia kwenye kompyuta moja kilitafuta jirani chenyewe, kikafunga mafaili na kudai kikombozi cha dola 300 kwa bitcoin. Renault ikasimamisha uzalishaji kwenye viwanda kadhaa, na kiwanda cha Nissan cha Sunderland, Uingereza, kikapigwa pia.

Haya, tuseme miezi miwili ni michache. Juni mwaka huohuo Honda ikafunga kiwanda chake cha Sayama, Japani, kwa siku nzima, kwa kirusi ambacho dunia ilikuwa imekizungumza mwezi mzima. Na Agosti 2018, karibu miezi kumi na saba baada ya kiraka, ikaja zamu ya TSMC ya Taiwan, watu wanaotengeneza chipu za simu za Apple! Mashine mpya kutoka kwa muuzaji iliunganishwa kwenye mtandao kabla ya kupimwa virusi. Ndani kulikuwa na aina ya WannaCry, na mbele yake zikiwa zimejipanga kompyuta za Windows 7 zisizo na kiraka. Mkuu wa kampuni, C.C. Wei, alisema hakuna mdukuzi aliyewalenga. Mimi naona hilo ni baya zaidi kuliko kulengwa.

Hapo watu huwarukia vijana wa TEHAMA, eti wazembe. Sikubali. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, lakini kiwandani ufa uko kwenye ukuta wa nyumba ya mtu mwingine. Mashine inauzwa pamoja na kompyuta yake, na muuzaji ameithibitisha kwa toleo moja tu la Windows. Ukiligusa, waranti imekufa. Mashine hununuliwa ifanye kazi miaka ishirini na zaidi, ilhali Windows 7 ilitoka 2009 na Microsoft ikaiacha Januari 2020. Tena kiraka hutaka kompyuta iwashwe upya, na kuiwasha upya ni kusimamisha laini ya uzalishaji, na tanuri haliwekwi kando kama sufuria. Nafasi pekee ni wakati wa matengenezo ya mwaka, na siku hizo humalizwa na beringi na mafuta.

Kwa hiyo anayekataa kiraka ni meneja wa uzalishaji: "Wiki hii haiwezekani, tuna oda." Hesabu yake ya hasara ya kusimama saa mbili kwa ajili ya kiraka ni sahihi kabisa. Kasoro ni kwamba karatasi yake haina mstari wa wiki tano. Mwaka 2025 kampuni ya magari ya Jaguar Land Rover ilisimama kwa muda kama huo baada ya kudukuliwa, hadi serikali ya Uingereza ikaidhamini kwa mkopo wa pauni bilioni 1.5.

Nikiri kwamba si kila shambulio hupita kwenye tundu la zamani. Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norwei, mwaka 2019 ilianza kuingiliwa kupitia barua pepe. Ilikataa kulipa kwa sababu ilikuwa na nakala rudufu, na baadhi ya wastaafu waliokumbuka kazi ya kabla ya kompyuta wakarudi kusaidia. Ni wangapi kati yetu bado tuna wazee wa namna hiyo wa kuwapigia simu?

Kompyuta isiyoweza kuzibwa basi itengwe: isione intaneti, isione ofisi ya mhasibu, SMB ya zamani izuiwe kwenye mtandao, na flashi ya fundi wa nje ipimwe kabla ya kuchomekwa. Hilo halihitaji ruhusa ya muuzaji.

Na kila kiraka kinapoahirishwa, pawe na fomu: mashine gani, hadi lini, nani ameamua, sahihi. Niliwahi kulipendekeza hili kwenye kikao. Meneja aliisoma fomu taratibu, akauliza kama pale kwenye jina tunaweza kuandika "Idara".